Uzi Uliokatika Ruiru: Nyuzi Bapa za Besi na Vidole vya Mzee

Uzi ulikatika usiku wa Jumamosi, katikati ya wimbo, huko Kamakis, Ruiru, penye zile nyama za kuchoma zilizopangana kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na chupa yangu ya soda, maana kwenda kwangu pale ni kwa ajili ya muziki tu, na wenyeji wa mahali wamekwisha nizoea. Bendi ilikuwa ikipiga zilizopendwa. Mara pakasikika mlio mkavu, kama mtu aliyevunja kijiti, na chini ya wimbo pakawa shimo. Dramu iliendelea, solo liliendelea, mwimbaji alifumba macho akaendelea, lakini wachezaji walipunguza mwendo bila ya kujua sababu, kama mtu ateremkaye ngazi gizani akakosa kidato kimoja.

Msomaji mpendwa, wengi wetu hatulisikii gitaa la besi mpaka linyamaze.

Mpigaji ni jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa pande za Gatanga. Jina lake sitalitaja kwa kuwa hakuniruhusu. Gitaa lake ni nakala ya Kijapani ya Fender, limechubuka rangi pale mkono unapolalia, na nyuzi zake zilikuwa hazijabadilishwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Uliokatika ni uzi wa kwanza, ule mwembamba kupita wote minne. Ulikatikia penye daraja, mahali unapopinda na pale kutu inapopenda kukaa.

Asubuhi yake, kabla sijamaliza chai, mzee alibisha hodi.

"Ustadh," akaniambia, "wewe una watu Uarabuni. Nitafutie nyuzi. Lakini si nyuzi za siku hizi zinazolia kama kengele ya shule. Nataka zile laini."

Nikamwuliza kwani haraka ya nini. Akazunguka zunguka, kisha akasema. Bendi ilikuwa na kazi Thika mwezi wa Agosti, kazi kubwa ya familia moja yenye uwezo, na kiongozi wa bendi alikwisha mwambia kwamba kama gitaa halitakuwa tayari, atachukuliwa kijana mmoja apigaye besi kanisani huko Makongeni, Thika, kijana mwenye gitaa la nyuzi tano. Tena mzee alijua kwamba kijana akishika nafasi hiyo mara moja, ya pili haitakuwa yake. Akanionyesha mikono. Julai ya Ruiru ina baridi ya kuingia mifupani, na viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kama tangawizi.

Basi ndivyo nilivyoingia katika habari ya nyuzi, mimi ambaye maisha yangu yote nimezoea nyuzi za udi.

UTEPE NA WAYA

Uzi wa besi, kwa asiyejua, si waya mmoja. Ndani mna kiini cha chuma cha pua, na kiini hicho huzungushiwa waya mwingine kutoka mwanzo hadi mwisho ili uzi upate uzito. Tofauti yote iko katika huo waya wa nje. Ukiwa wa mviringo, kama waya wa kawaida, uzi utakuwa na migongo midogo midogo. Pitisha ukucha utakwaruza kama ukipitisha juu ya kitana. Hizi ndizo wapigaji wanazoziita "raundi". Ukiwa ni utepe, yaani waya uliofinywa ukawa bapa, uzi utakuwa laini kama kioo na kidole kitateleza bila ya kelele. Hizi ndizo "flati", nami katika makala haya nitaziita nyuzi bapa.

Zamani nyuzi bapa ndizo zilikuwa nyuzi. Leo Fender alipotoa gitaa lake la besi la Precision huko Marekani mwaka 1951, wapigaji wengi walikuwa wametoka kwenye lile besi kubwa la kusimama, lenye umbo la fidla, ambalo kwa karne nyingi lilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Walitaka sauti inayofanana na waliyoizoea: dundo zito, la mviringo, lisilokaa sana. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1966 John Entwistle wa bendi ya The Who alikwenda kwenye kiwanda cha Rotosound huko Uingereza, wakashughulika pamoja mpaka zikapatikana nyuzi za raundi zilizovuma kama piano, na dunia ikageuka. Vijana wa roki walizitaka, kisha wa funki, kisha kila mtu.

Si kila mtu. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown mjini Detroit, alikaa na nyuzi zake bapa nzito za La Bella mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 1983. Hakupenda kuzibadilisha ila zikikatika. Alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Nilipomhadithia mzee wangu habari hii alicheka sana, akasema: "Kumbe mimi si mchafu peke yangu."

Maana hapo pana siri ambayo muuza nyuzi hapendi uijue. Uzi wa raundi huanza kufa siku ile ile unapoufunga. Jasho na uchafu wa vidole huingia katika ile migongo yake, na baada ya wiki chache mng'aro wote umekwisha. Wapigaji wasio na fedha huzivua wakazichemsha katika sufuria ili mafuta yatoke, zikapata uhai wa siku chache tena. Uzi bapa hauna pa kuficha uchafu mwingi. Huanza na mng'aro kidogo usiopendeza, kisha hutulia, na ukishatulia hukaa miaka. Watu wa bara tuliowakuta na magitaa ya kale hawakuwa na ujinga waliposema nyuzi zao ni nzuri kwa kuwa ni kuukuu.

Hapa nitakiri jambo. Mimi nilisomea chuoni, kwetu pwani, na mwalimu wangu alikuwa na kijiti cha mpera alichokuwa akihesabia: herufi hii vuta harakati mbili, hii nne, hii sita, wala usizidishe. Aliyezidisha alikipata kijiti. Sifananishi Kurani na gitaa, Mungu aniepushe. Nazungumza juu ya sikio tu. Sikio lililolelewa hivyo haliwezi kuvumilia sauti inayokaa zaidi ya haki yake. Nilipoanza kutunga mashairi nilikuta mambo ni yale yale: mizani ikizidi moja, ubeti umevunjika, hata maneno yawe matamu vipi. Na nilipomsikiliza mzee akipiga, nilifahamu kwa nini nikimpenda. Noti yake huingia, husema, hutoka. Nafasi inayobaki ndiyo inayochezwa na miguu ya watu.

Msikilize Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Wengi wanaweza kuimba besi ya wimbo huo kwa mdomo, jambo ambalo ni nadra sana kwa besi. Hesabu noti zake, kisha hesabu vinyamazo vyake, utaona ni nani mwenye kazi kubwa.

NYUZI ZA BANDIA

Tulianza vibaya. Niliteremka Nairobi, nikaingia katika duka moja, silitaji, nikauliza nyuzi bapa za besi. Nikapewa pakiti yenye jina la kiwanda kikubwa cha ng'ambo, kwa bei ambayo ilinifurahisha. Ningalijua kwamba bei ya kufurahisha ni dalili. Seti ya kweli ya nyuzi bapa huzidi malipo ya mzee kwa kazi ya usiku tatu. Hii ilikuwa chini ya usiku mmoja.

Mzee alifunga uzi mmoja tu, ule wa kwanza uliokatika, maana alitaka kuzibakiza zile tatu za zamani. Jambo hilo lenyewe lilikuwa kosa. Nyuzi tatu zilisema kwa sauti ya wazee, na wa nne ukajibu kama mtoto aliyeamshwa usingizini. Akaamua kufunga zote nne mpya. Siku ya tatu ule utepe wa nje ukaanza kufunguka karibu na daraja, ukatoa ncha kali iliyomchana kidole. Niliirudisha pakiti dukani. Mwenye duka aliniangalia kwa huruma, akaniambia bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi.

Basi nikampigia simu mpwa wangu aliyeko Muscat. Nikamwambia atafute nyuzi bapa za Thomastik-Infeld, za Vienna, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba hizo ndizo zenye mvuto mdogo kuliko zote, na mvuto mdogo ndio ulioitwa na vidole vya mzee. Kijana alizipata, akampa mtu aliyekuwa akija Mombasa, na mtu huyo akazitia katika basi. Zilifika Ruiru katika bahasha nzuri. Mzee akafungua, akavuta uzi mnene mpaka kwenye kigingi cha kukazia, na uzi ukaisha kabla ya kufika. Mpwa wangu alikuwa amenunua seti ya gitaa fupi.

Hili nawaeleza wasomaji ili lisiwafike. Magitaa mengi ya besi yana urefu wa inchi 34 kutoka daraja hadi pale juu nyuzi zinapopitia kwenye mifereji. Mengine, kama lile la Höfner lenye umbo la fidla alilolipiga Paul McCartney, yana inchi 30. Nyuzi za fupi hazifungi refu. Kabla hujatoa fedha yako chukua futi, pima.

THIKA KWA FUNDI

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20, na tangu barabara kuu ilipofunguliwa mwaka 2012 ni safari ya dakika chache, ukiondoa zile za kungojea matatu ijae. Niliona afadhali twende kwa fundi mmoja wa magitaa aliyeko huko, ambaye kibanda chake kinanuka gundi na vumbi la mninga. Mzee alikumbatia gitaa lake ndani ya mfuko wa gunia. Tulipovuka mto, akanionyesha upande wa Blue Post, ile hoteli ya tangu 1908 penye maporomoko ya Chania na ya mto Thika. Akanyamaza. Karibu na hapo ndipo alipofariki John De'Mathew kwa ajali ya gari, Agosti 2019. De'Mathew naye alikuwa mtu wa Gatanga.

Yafaa niseme neno juu ya Gatanga, kwa sababu nyuzi hizi haziwezi kufahamika bila ya mahali zinapopigwa. Ni kata ya wakulima katika Murang'a, mlangoni mwa Thika, na imetoa wanamuziki kwa wingi ambao sijauona popote isipokuwa labda Tanga. Daniel Kamau, maarufu kama DK, aliyezaliwa mwaka 1949, ni wa huko. Peter Kigia ni wa huko. Benga ilizaliwa Nyanza kwa Wajaluo, walioyahamishia magitaani mambo ya nyatiti, lakini ilipofika kwa Wakikuyu ilikuta watu walioisubiri. Na katika benga besi haikai nyuma kama mtumishi. Huruka. Hupanda na kushuka kwa hatua kubwa, ikijibizana na solo. Mtu akirukaruka hivyo juu ya nyuzi zinazovuma muda mrefu, noti ya kwanza haijanyamaza ya tatu imeingia, na yote huwa uji.

Fundi aliyachukua mambo yetu kwa uzito kama daktari. Zile nyuzi fupi za Muscat alizifunga kwenye gitaa lake mwenyewe la inchi 30, umbo la fidla. Mzee akaketi juu ya debe, akapiga. Alhamdulillahi, ilikuwa sauti ya kupendeza! Ina utamu wa katikati, kama mtu anayeimba kwa kufumba mdomo, na nyuzi zililegea chini ya vidole hata mzee akasahau maumivu. Lakini fundi akatutahadharisha kwamba hukumu hiyo si ya haki. Uzi wowote ukiwekwa kwenye shingo fupi kwa sauti ile ile hutaka mvuto mdogo. Na mzee mwenyewe, baada ya furaha ya kwanza, alilalamika kwamba uzi wa kwanza unayumba. Akiupiga kwa nguvu, sauti hupanda kidogo kisha hushuka. Mtu aliyezoea kuegemea ukuta hawezi kuegemea pazia.

Palikuwa pale na gitaa jingine, la mteja, lililofungwa seti nzito ya La Bella, ile ile ya kumbukumbu ya Jamerson: uzi mnene wake una takriban milimita 2.8, na mwembamba una 1.3. Fundi alituruhusu tuliguse. Kwa sikio langu mimi, hapo ndipo ningesimama nisiende mbele. Dundo lake lilikuwa kama ngoma ya msondo iliyoota moto. Noti moja tu, na kopo la misumari mezani likatetemeka. Mzee alipiga mistari miwili, akalirudisha taratibu, akavificha vidole kwapani. "Hizi ni za kijana mwenye hasira," alisema.

Sababu ya ugumu huo si uchawi. Uzi mnene wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na mwembamba mara 98. Kwa urefu ule ule na sauti ile ile, uzi ulio mzito zaidi hauna budi kuvutwa zaidi. Wala usidanganyike na unene peke yake. Seti ya kawaida ya Thomastik ya inchi 34 na ile nyepesi ya D'Addario iitwayo Chromes zote zina uzi mnene wa milimita 2.54, lakini ya Vienna ni laini na ya D'Addario ni ngumu zaidi, kwa kuwa hazikujengwa namna moja ndani. Seti nzito ya nyuzi nne huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kukaribia gunia la mahindi la kilo 90. Ndiyo maana ndani ya shingo hutiwa chuma cha kuizuia isipinde, na ndiyo maana ukihama kutoka seti moja kwenda nyingine ya mvuto tofauti, fundi hulazimika kukikaza au kukilegeza. Shingo ya mzee ilikuwa imepinda kidogo mbele, miaka ishirini ya kuvutwa. Fundi aliikaza robo ya mzunguko, akasema tuiache ilale mpaka kesho, chuma na mti wazungumze.

Kuna na za Rotosound, zile namba 77, zilizozungushiwa utepe wa moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba. Hizi nilizisikia pwani zamani kwa bendi za mahoteli. Zina ukali na ngurumo, ni bapa zenye tabia ya raundi. Fundi hakuwa nazo, na mzee hakuzitaka hata kwa kusimuliwa.

KIJANA WA MAKONGENI

Sasa, huyo kijana wa nyuzi tano. Ilitokea kwamba fundi ndiye anayemtengenezea gitaa lake, na alasiri ile ile akaingia kibandani. Mzee alimtambua. Nilifikiri patakuwa na maneno. Kijana alivua kofia, akainama kidogo, akasema, "Wĩ mwega, Guka," akakaa chini kwenye sakafu.

Nilimwuliza kwa nini vijana wanapenda nyuzi zinazolia. Nami nilikuwa nimejiandaa kumkosoa. Jibu lake lilinifunga mdomo.

"Ustadh," alisema, "spika tunazopewa hazitoi sauti ya chini. Ile sauti ya mara 41 kwa sekunde, spika ndogo haina uwezo nayo. Watu wanaisikia besi yangu kwa zile sauti za juu juu zinazopanda pamoja nayo. Raundi zinazo nyingi. Flati hazina. Nikipiga flati kwa spika mbaya, mimi sipo."

Ni kweli tupu. Uzi bapa ni mtu mpole, huhitaji nyumba nzuri ili asikike. Katika baa ya mugithi, penye spika mbili zilizopasuka na watu mia wanaozungumza pamoja, upole wake huwa ni kutokuwepo. Sisi wapenda ya kale husahau kwamba katika zile sahani tunazozisifu besi ilipigwa ndani ya chumba cha kurekodia, mbele ya maikrofoni nzuri, na fundi wa sauti mwenye masikio.

Kijana akaongeza kuwa kanisani, penye spika kubwa na mwangwi, hupiga gitaa jingine lenye Chromes bapa, maana raundi pale hugombana na kinanda. Zimekaa mwaka mmoja na zaidi. Alikuwa anataka kuzibadilisha kwa sababu, kwa maneno yake, zimekufa.

Mzee akainua kichwa. "Zimekufa namna gani?"

"Hazing'ari tena, Guka."

"Nipe hizo maiti."

Siku ya pili kijana alizileta zimekunjwa ndani ya gazeti. Hakutaka fedha. Jambo ambalo hakulisema, nami nalisema kwa niaba yake, ni kwamba alijua vizuri sana nafasi ya nani ingekuwa wazi kama mzee angekosa nyuzi. Fundi alizifunga kwa uangalifu, maana uzi uliokwisha pindwa kwenye kigingi kimoja hupenda kukatika ukipindwa upya mahali pengine. Bahati, magitaa yote mawili yalikuwa ya inchi 34 na vigingi vimepangwa sawa.

Chromes mpya, nilizozisikia baadaye kwa mtu mwingine, ndizo zenye mng'aro mwingi katika nyuzi bapa nilizozigusa, na mvuto wake si mdogo. Lakini hizi zilizokuwa na mwaka mzima wa zaburi juu yake zilikuwa zimetulia. Si tamu kama za Vienna, si nzito kama za Jamerson. Zilikuwa na heshima. Kwa vidole, mzee alipata njia yake: alimwomba fundi ateremshe daraja kidogo nyuzi zikaribie shingo, na akakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo akakisokomeza chini ya nyuzi karibu na daraja. Si ujuaji mpya. Fender wenyewe walikuwa wakitia kitu kama hicho chini ya kifuniko cha daraja zamani. Sponji hufupisha sauti, na sauti ikifupishwa mpigaji hahitaji kuuzuia uzi kwa kidole kila mara.

Nilirudi nyumbani nikamwandikia ubeti mmoja. Si mkubwa, ila mzee aliubandika ndani ya mfuko wa gitaa, basi nauweka na hapa:

Uzi umevikwa chuma, laini kama hariri,
Hauna kelele nyuma, hukaa ukisubiri,
Husema neno la hima, kisha ukatahadhari,
Kimya chake ndiyo ngoma, besi ndipo hunawiri.

USIKU WA AGOSTI

Kazi ya Thika ilikuwa chini ya mahema, kwenye nyasi, na familia ilikodi spika za kutosha. Hilo lilikuwa nusu ya ushindi. Wakati wa kujaribu vyombo kiongozi wa bendi alisimama mbali, mikono nyuma, akamwambia mzee apige peke yake. Mzee alifunga kabisa kile kitufe cha sauti za juu, akapiga noti nne. Kiongozi akatikisa kichwa: haisikiki, imefumbika. Nikaona shingo ya mzee ikikakamaa.

Kijana wa Makongeni, aliyekuja kusaidia kubeba vyombo, alikwenda kwenye amplifaya bila ya kuulizwa. Hakugusa sauti za chini, wala za juu. Aliongeza za katikati tu, kidogo sana, akamwambia mzee afungue kile kitufe nusu. Noti ile ile ikasimama mbele ya mahema kama mtu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kiongozi hakusema neno. Alikwenda kuangalia dramu.

Walipiga tangu magharibi mpaka saa sita za usiku. Walianza kwa rumba, wakaingia twisti za akina Daudi Kabaka, wakamalizia kwa benga, na hapo akina mama wa Gatanga, wengine rika la mzee, waliinuka vitini wakaweka mikoba chini. Niliangalia miguu yao. Hakuna aliyepunguza mwendo. Katikati ya benga ya tatu mzee alinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyo ada, makusudi, mpaka nikadhani uzi umekatika tena. Kisha akarudi kwa noti moja ya chini, na pakapigwa vigelegele.

Vidole vilimwuma siku mbili. Alivilaza katika maji ya chumvi ya uvuguvugu, akaniambia kwamba hayo ni maumivu ya kazi, si ya ugonjwa. Kiongozi amempa tarehe nyingine ya Septemba. Kijana huja Ruiru siku za Alhamisi jioni, na kupitia ukutani kwangu nasikia mambo mawili: mzee akipiga mstari, na kijana akiurudia kwa noti nyingi mno, kisha akiurudia tena kwa chache.

Zile nyuzi fupi za Vienna bado ziko Thika kwenye gitaa la fundi. Amesema atazinunua, ila bado tunapatana bei. Na mpwa wangu ameshapiga simu mara mbili kutoka Muscat kuuliza kama zimemfaa mzee, na mara zote mbili nimemjibu kwamba sauti yake ni nzuri sana.